Kaseti ya Waingereza na Wimbo wa Mama

Jumapili, Kilosa. Mvua imeshika tangu asubuhi na bati la baba linapiga kelele kiasi kwamba hata kufikiri ni kazi.

Sina raha.

Kesho bendi yetu ya Mikumi inasafiri kwenda Dar kurekodi kwa mara ya kwanza. Moja ya hizi redio mpya za watu binafsi imetukubali, na wimbo walioupenda ni ule wa baba, aliokuwa akiupiga na bendi ya shamba la mkonge kabla sijazaliwa. Tangu utotoni naambiwa aliutunga kwa ajili ya mama. Tuliuimba hata siku tuliyomzika.

Sasa juzi Shukuru, mpiga gitaa wetu, kanunua kaseti pale yanapoegeshwa malori. Ni albamu ya vijana wa Uingereza, ambayo muuzaji alisema huko kwao kila nyumba inayo. Wimbo wa tatu ulipoanza, gitaa likashuka ngazi kwa ngazi, nikaacha kukunja nguo.

Lilikuwa gitaa la baba.

Shukuru akasema hatuwezi kurekodi wimbo wa watu, tutaitwa wezi redioni. Nikamjibu kwamba wezi ni hao Waingereza. Tuligombana mpaka mwenye gesti tunayopigia akatutoa nje. Ndiyo maana nimekuja huku na kaseti kwenye pochi.

Baba ameisikiliza pande zote mbili, ameinamia redio. Nilitegemea akasirike, kumbe alikuwa anafurahi. Akanionyesha hawa vijana wamechota wapi: hizi sauti zinazopandana ni za bendi za kwao za miaka ya sitini, hizi tarumbeta ni za gwaride, na huu wa taratibu unatoka kwenye kumbi walizochezea dansi babu zao. Ule wa tatu akaurudisha nyuma mara kadhaa. Akasema meneja wa shamba alikuwa na santuri yenye gitaa kama hilo. Ilipopigwa klabuni, yeye na wenzake walisimama nje ya dirisha, kisha wakaenda kuitafuta sauti ile kwenye nyuzi.

"Hawajaniibia," akasema. "Tumesikiliza santuri moja."

Nikamuuliza, basi kwa mama ulitunga nini?

Akaendelea kuirudisha kaseti nyuma. Nilidhani mvua imenizidi sauti, nikarudia.

"Maneno ni ya mama yako. Yote. Mimi niliweka gitaa tu."

Miaka yote hiyo jina lililotajwa jukwaani ni la baba. Alinieleza kwamba zama zile mke wa mtu kuwatungia wanaume wa bendi kungezua maneno mtaani, na mama mwenyewe hakudai. Baadaye baba akazoea kusifiwa. Akaniomba niyaache yalivyo, maana kuna wazee hapa mpaka leo wanamwita mtunzi.

Nilimwambia kwamba mama hakudai kwa sababu hakuulizwa.

Sijawahi kusema naye hivyo maishani mwangu. Nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jioni akaniita. Alikuwa ameshalishusha gitaa ukutani. Akasema kuna ubeti mmoja hakuwahi kuuimba, kwa sababu ulimsema yeye. Akauimba polepole, sauti ikikwaruza: mke anamuuliza mumewe, ukishamaliza kuwaimbia watu, nyumbani unatuletea sauti gani? Mstari wa mwisho ukamshinda, akauanza upya, ukamshinda tena. Nikamsubiri.

"Uuimbe na huo," akasema. "Na umtaje."

Sijui kama nimemsamehe. Yeye ameshalala, au anajifanya amelala. Mimi nimekaa hapa nauimba ubeti huo kimoyomoyo ili usinipotee. Alfajiri nawahi basi la Mikumi, na Shukuru itabidi ajifunze njiani. Mtangazaji akiuliza wimbo ni wa nani, nitaanza na jina la mama.

Najiuliza tu kama sauti itatoka.