Nilimkana Angelina gazetini kwa jina la mwanamume

Mpendwa mshauri Bi. Mosi, shikamoo. Naomba unisaidie katika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, wala rafiki yangu Mercy ninayekaa naye dawati moja. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Morogoro, na yule msikilizaji aitwaye Pazi wa Bigwa, ambaye barua zake kuhusu nyimbo hutoka katika gazeti moja la kila Ijumaa, ndiye mimi.

Niliandika mara tatu kwa jina langu na hawakuchapa hata moja, nikaandika ya nne kwa jina la babu yangu, ikatoka wiki ile ile, na tangu hapo nimekuwa Pazi, na wanaume wanaosubiri zamu kwa Idrisa kinyozi wa jirani huzisoma kwa sauti wakisema huyu mzee anajua muziki, nami nikipita na vitabu vyangu naangalia chini.

Katika nyumba tunayopanga, chumba cha uani anakaa dada Angelina, mwimbaji wa bendi inayopiga mtaa wa Mji Mpya. Yeye ni mtu wa Kinole, huko juu milimani, aliishia darasa la nne na kuandika kunamchosha, kwa hiyo anapotunga huniita nikirudi shule, yeye anachambua mchele na kuguna sauti ya wimbo, ananiambia, "Andika hapo, mdogo wangu, kabla haujanikimbia," nami naandika nyuma ya daftari la jiografia, natia na tarehe kama tulivyozoeshwa darasani. Saa hizo ndizo ninazozitamani kuliko kitu chochote ninachokijua.

Wimbo ninaotaka kukueleza unamhusu baba yake, aliyeshuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa Angelina akiwa mdogo na hakurudi. Aliutunga siku kumi na moja, neno moja alilifuta mara sita. Alikwama mahali pamoja tu, alikuwa na "Baba alishuka na jembe, akasema nitarudi na mvua," halafu hakujua kinachofuata, mimi nikasema taratibu, "Mvua imekuja peke yake." Aliacha mchele akanitazama, akasema, "Hapo hapo." Sikufurahi hivyo hata nilipochaguliwa kuingia sekondari.

Wimbo ulipopigwa kwenye redio mpya ya hapa mjini, mtangazaji akasema umetungwa na Thobias, kiongozi wa bendi. Kwa kinyozi wakaanza kuujadili. Idrisa akasema, "Huyu dada kakaririshwa. Mvua imekuja peke yake, hayo ni maneno ya mtu aliyekaa akafikiri." Mwingine akauliza, "Kwanza ana mume?" Mshauri, mwimbaji wa kiume hawamuulizi kama ana mke, wanauliza gitaa kapiga nani. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekusudia kuwajibu, lakini nikishika kalamu kama Pazi huandika wanavyosema wao, maana ndivyo ninavyoaminiwa, na niliogopa kwamba nikimtetea mwanamke watajua mimi ni nani. Nikaandika, "Sauti ni yake, lakini mawazo ni ya mwanamume mwenye elimu." Tena nakiri kwamba moyoni nilifurahi kidogo kuandika kuwa mstari ule si wake, kwa sababu kweli si wake.

Waliichapa juu kabisa, ndani ya kisanduku. Angelina alipoomba jina lake liandikwe kwenye kava la kaseti itakayopelekwa Dar mwisho wa mwezi, Thobias alimtolea kipande hicho cha gazeti, akamwambia, "Sikiliza watu wazima wanavyosema. Tukiandika wewe, nani ataamini?" Angelina mwenyewe alimsimulia mama yangu hivyo, mimi nikiwa nakuna nazi. Wiki mbili sasa hajaniita. Nasikia ungo wake tu, haguni kitu, nami nakaa ndani na kitabu wazi nikitamani aseme hata "Njoo unishikie hiki." Daftari ninalo, na tarehe zote zimo. Lakini nikilitoa itabidi niseme yote, na baba yangu, ambaye ni mwalimu, ameshasema mwanamke anayeimba mbele ya walevi hana la kumfundisha mtu. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Morogoro

BI. MOSI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nilikujibu kwanza kwa sanduku la posta la shule, kwa sababu kaseti isingesubiri zamu ya gazeti. Sasa nachapa barua yako kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadilisha, hata hilo la Pazi.

Nakuhurumia, kisha nakukemea. Kukaliwa kimya mara tatu kwa sababu ya jina la kike si kosa lako. Lakini ulipopata nafasi ya kusikilizwa, uliitumia kumnyamazisha mwenzako, na hilo ni lako, usimsingizie mhariri wala kinyozi.

Umeona wanavyopima. Mwanamume akiimba kwamba baba yake kapotea, wanasema huyu kayaona. Angelina kayaona kweli, wanauliza nani kamwandikia. Angeimba habari za wapenzi wangemwamini upesi, halafu wangemdharau kwa hizo hizo. Idrisa alikisia tu. Wewe ulikuwepo, ulishika kalamu, uliona neno likifutwa mara sita. Kosa lako ni kubwa kuliko lake.

Ule mstari ni wako, usiukane. Ila mstari mmoja haukufanyi mwenye wimbo.

Sasa fanya hivi. Leo hii mwendee Angelina, mikono mitupu, umwambie Pazi ni nani. Usitangulize daftari ili asikukasirikie. Akikufukuza, toka. Daftari mpe baadaye, na la kufanya nalo ataamua yeye. Usiende kwa Thobias kumpigania mtu mzima ambaye hajakutuma. Kisha liandikie gazeti lile kwamba Pazi alikosea, usaini jina lako. Wasipoichapa niletee mimi. Na baba yako asikie kwako kabla hajasoma popote. Mwalimu anajua kazi ya kusahihisha.

BINTI ALIANDIKA TENA

Bi. Mosi, jibu lako nililipata Jumanne. Dada Angelina alikuwa anafua, nikamwambia nikiwa nimesimama. Akauliza, "Pazi ndiye wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilidhani mzee mwenye mvi. Nilikuwa namwogopa." Aliniagiza niende kuleta lile gazeti nimsomee barua nzima, kwa kuwa Thobias alimsomea kipande tu. Nilisoma, naye akafua shati lile lile mpaka mwisho, kisha akasema niondoke.

Alhamisi alikuja mwenyewe mlangoni akaniambia nichukue daftari twende kwenye mazoezi ya bendi. Walikuwapo wanaume sita. Angelina alinitaka nisome tarehe kwanza, halafu maneno, pamoja na yaliyofutwa. Nilisoma vibaya. Mpiga ngoma wao akauliza, "Na mstari huo wa mvua?" Angelina akasema, "Huo ni wa mtoto huyu. Mingine yote ni yangu, na asiyeamini atunge mmoja hapa tumsikie." Thobias alilichukua daftari, akazipitia tarehe, akasema kava litaandikwa Angelina, na chini yake kwamba muziki umepangwa na Thobias, jambo ambalo ni kweli. Angelina amesema karatasi ya kava ataipeleka Dar mwenyewe.

Baba nilimweleza siku hiyo hiyo. Alisahihisha madaftari mawili, kisha akauliza huyo mwimbaji alisoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne. Akasema, "Mh," akachukua daftari la tatu.

Dada Angelina ananiitikia nikimwamkia, lakini hajaniita tena kuandika, nami sijamwomba. Jumamosi asubuhi niliandika ile barua ya gazeti, ikawa nusu ukurasa. Nilisaini majina yangu matatu na kidato changu, nikatembea kwa miguu mpaka posta, nikaitumbukiza sandukuni.