Kwa Baba Hamdani, Aliyeng'oa Wino Bila Kostiki

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache hapa Koboko na mapipa yako, madaftari ya zamani yakiwa bado yamelowekwa ndani.

Ulikuwa mtu wa kugeuza madaftari yaliyotupwa kuwa kadi za harusi. Mama alisema umeozesha nusu ya Koboko na bado huna suti.

Zamani uling'oa wino kwa kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Maji yake yakateremka na mfereji hadi bustani ya jirani yetu Driciru, mboga zake za dodo, mchicha wa huku, zikaungua. Hakuna aliyekushtaki. Ulijishtaki mwenyewe: "Mutu ya kule chini pia iko mutu."

Ukaagiza Kampala unga wa vimeng'enya, ule unaolegeza wino taratibu bila sumu. Mara ya kwanza uliumimina kwenye maji yanayochemka, ukakoroga kama ugali wa posho. Binti yako Sadiya, aliyesoma baiolojia, akakwambia, "Baba, umeua."

"Nimeua nani?"

"Vimeng'enya. Havitaki kuchemshwa."

"Sasa hii dawa iko na roho ya mtoto mchanga?"

Tangu siku hiyo ulipima maji kwa mkono: ukiweza kusema Bismillahi yote bila kuutoa, moto umefaa. Majirani walidhani unaombea karatasi. Pengine uliziombea.

Leo tungependa kuandika kwamba tunafuata nyayo zako. Tungekudanganya. Mwezi uliopita unga ulikwisha, harusi tatu zikingoja kadi, na mwanao Nasuru akanunua kostiki. Sote tuliiona. Hakuna aliyefungua mdomo, hata Sadiya mwenye mdomo.

Maji yakateremka tena na mfereji. Driciru alileta fungu la dodo lililoungua likawa la manjano, akaliweka mlangoni, akaondoka bila salamu. Ndiye aliyetupikia chai siku zote tatu za matanga yako.

Mapipa tumeyafunika mpaka unga mwingine ufike. Nasuru amekwenda kwa Driciru mara mbili kuomba radhi; mara zote mbili akamkuta analima, naye akaendelea kulima.

Jumamosi baada ya adhuhuri tunakusomea dua. Tumemwalika. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Usiposikia sauti yake kwenye amina, Baba, ujue kosa ni letu, si lake.

Unakumbukwa na mkeo Kadijah, wanao Nasuru, Zuhurah na Sadiya, ndugu yako Umaru wa Arua, na wajukuu wote. Siku zetu zote tutakukumbuka.