Siku Aliyozaliwa Minza

Jumatano, Katoro

Hatimaye kimetoka. Nimekisoma cheti cha kuzaliwa cha Minza mara nne, kama vile mimi ndiye niliyezaliwa.

Tangu wazazi wake wafariki namlea mimi, shangazi yake. Lakini kaka yangu mkubwa alishampatia mchumba. "Huyu ana miaka kumi na minane," alikuwa akisema, nami sikuwa na karatasi ya kumbishia. Niliogopa mno kwamba angeozwa. Bahati nzuri kadi ya kliniki yenye tarehe yake ya kuzaliwa ilipatikana Mhunze, kwa bibi yake Minza.

Leo msajili alipoisoma tarehe kwa sauti, Minza alinigeukia.

"Shangazi, kumbe nina miaka kumi na minne! Siku hiyo ilikuwaje?"

Hakuwahi kuniuliza. Nikamweleza jinsi baba yake alivyokimbia kwenye matope kumwita mkunga, kandambili moja mguuni. Alicheka mpaka akalia. Nami pia.

Tuliporudi nyumbani, kaka alikitazama cheti, akanirudishia.

"Basi, asome."

Sijui kama ameridhika kweli. Ila jioni, Minza akifua sare yake, nilimsikia akiitaja ile tarehe polepole, peke yake.