Kiganja Mgongoni

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mapafu mapya nayo hayajambo? Huku mwili ni mzima, roho ndiyo inaniuma, na sababu ni barua yako.

Tangu upandikizwe mapafu umeniandikia kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ni daktari mpasuaji, jinsi anavyoimba akinawa mikono. Wa pili ni nesi unayemwita Jemadari, na huyo daktari wa mazoezi ya kupumua, Mwalimu wa Kukohoa. Baba yako nimekuja chini kabisa, pale karatasi ilipokwisha: "Wasalimie wote." Mimi nimekuwa wote?

Tangu ukiwa mtoto, kila asubuhi kabla ya kwenda karakana nilikulaza mapajani nikakugonga mgongo mpaka makohozi yakatoka. Mama yako, Mungu amrehemu, alisema mikono hii ya useremala iliumbwa kwa kazi hiyo. Leo nasikia kuna mtu amesomea kukohoa! Anakugonga vizuri kuliko mimi? Sema tu, sitakasirika. Nitakasirika, lakini sema.

Baba yako

17 Machi

Shikamoo Baba,

Naendelea vizuri, jana nimepanda ngazi bila kusimama kupumua. Barua yako imenichekesha mpaka mshono ukauma.

Hakuna anayenigonga. Haya mapafu hayajai makohozi mazito kama yale ya zamani. Shida ni kwamba walipoyaunganisha, mishipa ya fahamu ilikatwa, kwa hiyo makohozi yakikwama mimi sisikii chochote. Lazima nikohoe kwa kuambiwa. Ndiyo kazi ya Mwalimu.

Sasa nisikilize. Siruhusiwi kurudi nyumbani mpaka ndugu mmoja aje afundishwe kunitunza: dawa kwa saa zake, kunipima joto, kuangalia ninavyopuliza kwenye kipimo. Jemadari ndiye anayemkubali au kumkataa. Nimekutaja wewe. Ila ukiwa na mafua hata kidogo, usije. Dawa zimelaza kinga ya mwili wangu ili mwili usiyakatae mapafu, na mafua ya mtu mwingine kwangu yanaweza kuwa kifo.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, maana sikuruhusiwa kukuona. Nimefika nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Nimesafiri kutwa nzima, nimevaa lile shati la harusi ya Shangazi yako. Nafika mlangoni mwa wodi, nafuta pua mara moja tu, Jemadari wako kanyoosha mkono: "Mzee, una mafua." Nikamwambia, mama, mimi ni seremala, hili ni vumbi la mbao, nimepiga chafya maisha yangu yote! "Rudi nyumbani, uje ukipona." Nipone nini? Vumbi?

Na kupitia kioo nikakuona. Umekaa kitandani unacheka, na huyo Mwalimu, kijana wa ndevu za kuchonga, kiganja chake kimetulia mgongoni kwako. Pale pale pangu. Hukugeuka. Naona wivu, mwanangu, sikufichi. Mimi nimekulea, wao wamekukuta mtu mzima. Basi wakupeleke kwao.

Baba yako, kama bado

28 Aprili

Shikamoo Baba,

Uko salama? Simu unaiacha inaita tu, na barua huandiki.

Kwa ajili yako nilimnunia Jemadari, nikawa namjibu kwa kichwa. Hakujitetea, alinihudumia vilevile. Sasa anauliza nani anakuja, kwa sababu kitanda kinahitajika. Shangazi amejitolea. Nimwambie ndiyo?

Na kile kiganja ulichokiona, Mwalimu alikuwa anasikiliza. Makohozi yakikwama, mgongo hutetemeka kidogo chini ya mkono nikivuta pumzi. Ndilo somo la kwanza la ndugu atakayenichukua. Nilikuwa nacheka kwa sababu nilimwambia, baba yangu akifika kujifunza hilo, wewe huna kazi tena.

Mwanao, bado

10 Mei

Mwanangu mpendwa,

U mzima? Mimi ni mzima sasa, na hilo neno "sasa" lisome vizuri.

Haikuwa vumbi. Nilipomaliza kukuandikia ile barua homa ilinipanda, nikalala na viatu. Kifua kilinibana mpaka nikajua ulivyokuwa ukiishi. Simu naiona inaita, mkono haufiki, na nilipopata nguvu, aibu ikanizuia. Pua yangu imezoea vumbi mno, haitambui tena ugonjwa. Ningeingia siku ile ningekukumbatia, mwanangu. Ningekuua kwa mapenzi yangu, na aliyesimama katikati ni yule mwanamke niliyemlaani njia nzima.

Kwa hiyo nimefunga karakana. Randa na misumeno nimevifunika, nimehamia kwa Shangazi yako mpaka siku ya safari. Sitaki pua yangu iwe na kisingizio. Nikipiga chafya hapa pasipo na vumbi, ni ugonjwa, na siji.

Shangazi asikuchukue. Ana moyo mzuri, lakini mikono yake ina haraka. Hata yeye namwonea wivu, nimemwambia usoni, akacheka.

Jemadari anikague atakavyo, hata masikioni. Bado simpendi. Msalimie kabla ya wote. Na Mwalimu mwambie kiganja chake akiache hapo hapo, asikitoe, mpaka changu kifike.

Baba yako