Kwa Mama, Mkunga Aliyetuchorea Njia za Bondeni

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu pumzi ikuishie katika chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulikataa katakata lifungwe. Wengi huandika tangazo la namna hii wakiwa na huzuni peke yake. Sisi tuna huzuni, na tuna aibu, na aibu ndiyo iliyotangulia kuketi mezani tulipokutana kuandika. Wahenga walisema avuliwaye nguo huchutama. Tumevuliwa, nasi tunachutama mbele yako na mbele ya wote watakaosoma.

Mimi mwanao wa pili, karani, ndiye niliyeshika kalamu. Kaka alitaka aandike yeye, kwa kuwa ni mwalimu mkuu na sentensi zake zimenyooka. Baba akasema, "Aandike aliyekosa zaidi." Hakuna aliyeuliza ni nani.

Wako watakaosoma hapa ambao hawakukujua. Ulikuwa mkunga wa bonde zima kwa miaka thelathini na mmoja. Hukuwa na gari wala baiskeli. Ulikuwa na begi la ngozi alilokushonea Baba, fundi viatu, na ulikuwa na miguu. Ukiitwa, ulifunga kitambaa kichwani huku umeshatoka mlangoni. Ulikunywa chai bila sukari na uliigombeza sufuria ikichelewa kuchemka. Na hukuweza kumpita mtu uliyemzalisha bila kumkumbusha, hata akiwa na ndevu: "Wewe! Kitovu chako kilinisumbua sana."

Ulipostaafu tulidhani utatulia. Wiki ya pili ukavaa raba kuukuu na suruali ya michezo ya mjukuu wako, ile yenye mistari ubavuni, ukatoka mbio asubuhi kuelekea mtoni. Ulirudi umelowa jasho, unacheka. Nikakuuliza una wazimu gani. Ukanijibu, "Mbona nimekimbia njia hizi miaka yote? Tofauti ni kwamba sasa nikifika hakuna anayenipigia kelele."

Kaka akakuambia, "Mama, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Na ukingo wenyewe ni wa mto, mwanangu," ukasema. "Huko huko ndiko ninakokwenda."

Tulicheka, lakini hatukucheka pamoja nawe.

Ulichukua rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango, ukaanza kuweka alama kwenye mawe na vigogo: nukta moja, pinda kushoto; nukta mbili, pinda kulia. Ukachora njia tatu na kuzipa majina ya kikunga. Njia ya Haraka, kilomita nne, inaanzia daraja la mawe lenye matao matatu, inafuata ukingo kati ya matete mpaka kwenye kinu cha maji kilichokufa kabla bibi yako hajazaliwa. Njia ya Kawaida, kilomita tisa, inapita kinu, inavuka juu ya bwawa dogo, inakata mashamba ya mahindi hadi nyumba ya ushuru, walikokuwa wakizuiwa wasafiri wa zamani. Njia ya Mapacha, kilomita kumi na tano, inapanda hadi mnara wa walinzi, kisha inarudi kwa tuta la reli iliyong'olewa. Uliiita hivyo kwa sababu siku moja ya mafuriko ulizalisha mapacha ndani ya mnara ule, mama yao akiwa amekimbilia huko na mbuzi wake.

Kila jiwe ulilijua. Pale darajani ulikuwa ukiwaonyesha watu alama ndogo walizochonga waashi, kila mwashi na yake. Ulikuwa ukisema, "Hawa hawakuandikwa popote. Wameandikwa hapa tu."

Sisi tulikuwa wapi? Baba anasema niandike lake kwanza. Alikubandikia soli za raba mara tano, tena kwa gundi nzuri, lakini alikuambia, "Pitia mlango wa nyuma, wateja wako mbele." Nawe ukapita mlango wa nyuma miaka minne.

Kaka anasema niandike na lake. Siku ya wazazi shuleni kwake ulipita ukikimbia pembeni mwa uwanja, wanafunzi wakashangilia, "Bibi Mbio! Bibi Mbio!" Ukawapungia. Mgeni wa heshima akamuuliza Kaka yule ni nani. Kaka akajibu, "Ni mama mmoja wa huko mtoni." Hukusikia. Alifikiri kwa kuwa hukusikia, haikuwa kitu.

Langu ni hili.

Uliandika barua kurasa nne kwenye karatasi za daftari, na ramani uliyoichora mwenyewe, mto kwa kalamu ya buluu na njia kwa nyekundu. Uliiomba ofisi yetu ya halmashauri ruhusa ya kuweka vibao kumi na viwili vya kueleza daraja, kinu, nyumba ya ushuru na mnara, na siku moja kwa mwaka ya watu kukimbia bondeni. Ulitaka uipeleke mwenyewe. Nikasema, "Niachie mimi, Mama, nitaifikisha. Si niko humo humo?"

Nilifika nayo mezani. Mwenzangu akaichungulia begani kwangu, akacheka. "Huyu si yule bibi wa suruali ya mistari? Unamjua?"

Nikasema, "Namsikia tu."

Nikaiweka barua yako kwenye droo ya chini kabisa, chini ya kalenda za miaka iliyopita. Wiki tatu baadaye nilikukuta jikoni unaosha vikombe. Nikakuambia wamekataa, wamesema hakuna utaratibu wa mambo hayo.

"Wamesema hivyo?"

"Ndivyo walivyosema."

Uliendelea kuzungusha kitambaa ndani ya kikombe kilichokwisha kutakata. "Basi," ukasema. "Wakubwa wana sababu zao."

Hukununa, wala hukukata tamaa. Kwa kuwa hapakuwa na vibao, ukawa kibao wewe mwenyewe. Watu walianza kuja kutoka mjini siku za Jumamosi, kwanza wawili, kisha wanane, kisha wengi, nawe ukiwatangulia, ukisimama kila mahali kuwasimulia huku wao wakihema na wewe huhemi. Nilikuwa nikiwaona kupitia dirishani. Nilikuwa nikivuta pazia.

Homa ya mapafu ilikuchukua kwa siku kumi na moja. Siku ya tisa ulinishika mkono ukaniuliza, "Kazini hawakusumbui?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi ishike kazi yako vizuri." Nilidhani unaniusia kama mama yeyote anavyomuusia mwanawe.

Siku ya mazishi walikuja wakimbiaji zaidi ya arobaini, wakasimama nyuma kabisa, raba zao zina udongo wa bondeni. Kaka alisoma maisha yako: kuzaliwa kwako, ndoa yako, miaka thelathini na mmoja ya ukunga. Kuhusu njia hakusoma hata neno moja. Watu walipokuwa wakitawanyika, mwanamke mmoja alinifuata. "Samahani, dada. Mbona hamkuzitaja njia zake? Mimi daktari wangu alinikatia tamaa. Mama huyu alinipeleka hadi kinuni nikitembea, akinishika kiwiko, wiki kumi." Nilimjibu kwamba muda ulikuwa mfupi.

Miezi minne baadaye tarishi wa ofisi yetu, mzee anayekaribia kustaafu, alinikuta peke yangu kwenye chumba cha mafaili. Akafunga mlango.

"Binti, mama yako aliwahi kuja hapa, miaka miwili kabla hajafariki. Ulikuwa likizo."

Nikamuuliza alifuata nini.

"Alitaka nakala ya barua ya kukataliwa, aiweke. Tukatazama kwenye kitabu cha barua zilizopokelewa. Haikuwemo. Tukarudia. Haikuwemo. Kisha akaniuliza, barua ikipotelea mikononi mwa karani, karani anafanywaje? Nikamwambia anaweza hata kusimamishwa kazi. Akacheka. Akasema, 'Basi sikuleta barua yoyote, mwanangu. Nimechanganya ofisi. Uzee huu!' Akaniomba nisikuambie kwamba alipita. Nilimwahidi. Lakini mwenye siri ameshaondoka, nami nimeona si vizuri kustaafu nayo."

Nilikaa sakafuni kati ya makabati, Mama. Miaka miwili ulijua. Miaka miwili ulinipokea jikoni, ukanimiminia chai, ukaniuliza habari za kazi, na hukunitupia hata jicho la pembeni. Ulizalisha watoto wa bonde zima bila kutoa siri ya mama yeyote, na siri yangu ukaihifadhi vivyo hivyo, kana kwamba mimi pia nilikuwa mgonjwa wako.

Kesho yake niliitoa barua chini ya kalenda, nikaipeleka kwa mkuu wa ofisi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisoma kurasa zote nne. Akaniuliza, "Ilikaa wapi?" Nikamwonyesha droo. Alinipa onyo la maandishi, nami nililistahili, na limo kwenye faili langu. Kisha akaipitisha.

Ilichukua siku tatu. Siku tatu tu, Mama. Ungekuwa na miaka miwili ya kukimbia mbele ya vibao vyako mwenyewe.

Kuvichonga vibao kulichukua miezi, na Jumamosi iliyopita tuliviweka. Maneno yote ni yako, hatukugusa hata nukta. Baba alifunga duka, akaacha mlango wa mbele wazi, akatembea katikati ya barabara na nyundo mkononi hadi darajani. Kaka aliwaleta wanafunzi wake wakubwa. Alipoanza kuwasomea kibao cha kwanza, aliishia katikati. Akakunja karatasi aliyoiandaa, akasema, "Yule mliyekuwa mkimshangilia uwanjani alikuwa mama yangu. Niliulizwa, nikamkana." Msichana mmoja akasema, "Tulijua, mwalimu. Mnafanana mnavyotembea."

Mimi nilijaribu Njia ya Haraka. Nilikimbia mpaka penye matete, nikatembea, nikakimbia tena, kifua kinawaka. Yule mwanamke wa siku ya mazishi alinifikia, akapunguza mwendo. Nilimwambia mimi ndiye niliyeificha barua. Akasema, "Sijui nikujibu nini," na akaendelea kukimbia kando yangu hadi kinuni. Hakunisamehe, wala hakuniacha. Sikustahili zaidi ya hapo.

Hatukuombi utufute aibu hii. Tumeona inatufaa. Inatuamsha mapema.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu, na mwanao wa kwanza, mwalimu mkuu, nami mwanao wa pili, karani, na mkweo, na wajukuu wako watatu, ambao hawakuwahi kukuonea haya hata siku moja, na wote uliowapokea duniani kwa mikono yako, na wakimbiaji wa Jumamosi.

Mungu akupumzishe, Mama. Maisha yetu yote tutakukumbuka, na yeyote atakayetuuliza wewe ni nani, tutamjibu kwa sauti, mbele za watu.