Saruji ya Uani kwa Mama

Dada yangu,

Huku hatujambo. Mwanangu kaota jino, na paka kazaa tena kabatini.

Umeuliza habari za kisima cha mama. Kimekauka. Mwenyewe analaumu mawingu, lakini mvua ni ileile, dada. Ni mimi niliyemwaga saruji ua mzima. Sasa maji hayazami ardhini. Yote yanakimbilia mtaroni, nami nayatazama.

Kila asubuhi mama anaifagia saruji hiyo, anawaambia majirani, "Mwanangu kanitoa topeni," kisha anabeba ndoo kwenda kuwaomba maji. Sijathubutu kumwambia.

Tafadhali mwalike kwako wiki moja. Sururu ninayo, ila siwezi kuivunja saruji ile yeye akiwa amesimama pale na ufagio wake.

Mdogo wako,
Fundi Sifa