Mpwa wa Kamanda Hupanda wa Kwanza

Nyumbani, juu ya duka la rangi
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Kamanda,

Hujambo? Wifi hajambo? Mimi mzima, ila presha hupanda kila nikikukumbuka.

Barua yako ya kumsifu mwanangu imefika. Amenisomea mwenyewe, mkono ukiwa bado umefungwa kifuani kwa ajili ya ile risasi ya begani. Umemwita jasiri, na ukasema akipona tu, nafasi yake bado ipo katika kikosi chenu maalumu cha kuvamia meli. Hata aibu huna.

Jana mwenzake wa kikosini, yule mrefu wanayemwita Mlingoti, alikuja kumjulia hali. Nikamwekea chai, naye akaropoka. Kumbe kila mkifuata meli ya magendo, mpwa wako ndiye hupanda ngazi ya kamba wa kwanza. Nikamuuliza kwani wengine hawana miguu. Akasema zamu zipo, ila wewe huziruka: "Kamanda anaogopa tusije tukasema anambeba mtoto wa dada yake."

Looh! Yaani ili watu wasikuseme, mwanangu ndiye akapokee risasi? Wenzake wana wajomba wa kuwatafutia nafuu. Wangu kapata mjomba wa kumtanguliza kama fimbo ya kupimia kina cha maji.

Usinijibu habari za nidhamu. Nimekulea mimi, mama akiwa kazini, na nakujua. Tangu utotoni unaogopa midomo ya watu kuliko kitu chochote.

Sasa sikiliza. Nimemkataza asirudi, hasikii. Juzi nimemkuta akipiga pasi sare kwa mkono mmoja. Anasema daktari akimruhusu tu anaondoka, kwa kuwa wewe umemwita. Mimi kwake ni kelele za jikoni.

Basi mwandikie kwamba hafai. Usisingizie bega, bega litapona. Sema ni mwoga. Sema alisita pale ngazini ukamwona, na kikosi hakimtaki tena. Itamuuma roho, na huenda asikuamkie tena mpaka unaingia kaburini. Najua unampenda kama mwanao. Ndiyo maana nakutuma wewe.

Wasalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Mungu akulinde huko majini mpaka uiandike barua hiyo, na baada ya hapo pia.

Akupendaye kwa hasira,
Dada yako